PESA ZA MTANDAONI: MBONA WENGI WETU HUISHIA NJIANI?

(Haya ni maneno ya nasaha yaliyotolewa kwa vijana baada ya futari ya pamoja. Tumeyaandika karibu vile vile yalivyosemwa, ili na wewe ambaye hukuhudhuria upate fungu lako.)

Ndugu yangu kijana, nawe dada yangu, nianze na jambo ambalo sote twalijua na hatupendi kulisema. Usiku wa kwanza wa Ramadhani msikiti hujaa mpaka mikeka ikatandikwa nje barabarani. Ukifika usiku wa kumi, mikeka ya nje imesharudishwa stoo. Usiku wa kumi na tano imamu akigeuka aona safu tatu. Kisha ufike usiku wa ishirini na saba, hao, wamerudi! Kila mtu na kanzu yake mpya, ataka fungu lake.

Sikuja kukusuta kwa taraweh. Nimekuja kuzungumza juu ya pesa. Lakini nimeanza na safu za msikiti kwa sababu kutafuta pesa mtandaoni ni vivyo hivyo. Kuanza tunaanza wote. Katikati tunatoweka. Siku tukisikia fulani amelipwa, twarudi mbio kuuliza: "Hebu nionyeshe, wewe wafanyaje?"

Kama wewe hujawahi kujaribu, basi una ndugu au jirani aliyejaribu. Alifungua akaunti, akanunua bando, akakesha wiki mbili, kisha akasema, "Intaneti ni uwongo mtupu." Leo nataka tuulizane: ni uwongo kweli? Na kama si uwongo, mbona wengi twaacha?

Tuondoe kwanza kisingizio kimoja. Zamani tungeweza kusema njia hakuna. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilikuja kwa setilaiti, na saiba zikitutoza kwa dakika. Ukurasa ukifunguka, pesa zako zimekwisha. Mwaka 2009 nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika hapa hapa Mombasa. M-Pesa ilikuwa imeshaanza tangu 2007. Mwaka 2018 ikawezekana kutoa pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa. Kwa hivyo njia ipo, na mlipaji wa ng'ambo aweza kukufikia hadi mfukoni. Tatizo liko mahali pengine. Nimelitafuta, na nimelipata mahali patano. Pa kwanza hadi pa mwisho nimepitia mwenyewe, kwa hivyo usidhani nakusema wewe.

SABABU YA KWANZA: TUNAINGIA NA HESABU YA UWONGO

Mtu aona tangazo: "Pata laki moja kwa mwezi ukiwa nyumbani." Haambiwi ni mwezi wa ngapi. Aingia akidhani mwisho wa mwezi huu ndio mshahara wa kwanza.

Tuchukue YouTube, maana kila mtu ataka kuwa na chaneli. Tangu Februari 2018, ili upate mgao wa matangazo ya kwenye video za kawaida, kwa kawaida sharti uwe na wafuasi 1,000 na watu wawe wametazama video zako kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 waliweka mlango wa chini, wafuasi 500 na saa 3,000, lakini huo ni wa kupokea michango ya watazamaji, si mgao wa matangazo. Sasa piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtazamaji akikaa dakika tatu tu kisha akaondoka, wahitaji kutazamwa mara 80,000. Hapo hujalipwa hata ndururu. Hapo ndipo mlango umefunguliwa. Ukishaingia, mgao wako ni asilimia 55 ya pesa za tangazo, na hutumiwi chochote mpaka zifike dola 100.

Je, ni haramu kujaribu? La hasha. Wako waliofika. Lakini anayejua ni saa 4,000 hapigi kelele akiwa kwenye saa ya 60. Asiyejua huacha hapo hapo kwenye 60, akasema amefanyiwa uchawi.

SABABU YA PILI: TWAENDA SOKONI MIKONO MITUPU

Ndugu yangu, wewe ukienda Kongowea alfajiri, ukasimama katikati ya soko, huna gunia la viazi, huna mkokoteni, huna hata mfuko wa ndimu, utauza nini? Utasema, "Lakini Kongowea kuna pesa!" Naam, ziko. Ni za mwenye bidhaa, na za mwenye nguvu za kubeba bidhaa ya mwenziwe.

Intaneti ni soko, si kazi. Mtu akinambia, "Nataka kufanya kazi za mtandaoni," namuuliza, "Kazi gani?" Ajibu, "Yoyote." Hilo neno "yoyote" ndilo linalotumaliza. Asiye na kitu cha kuuza hushindana na watu wa dunia nzima wasio na kitu cha kuuza, na kinachobaki kushindania ni bei. Huyu asema dola tano, yule tatu, na wa tatu asema nitafanya bure nipate sifa.

Tena usidhani kuomba kazi ni bure. Tangu 2019 tovuti ya Upwork huuza zile tiketi za kuombea kazi. Kila tiketi ni senti 15 za dola, na kazi moja yaweza kula tiketi kumi na zaidi. Ukiomba kazi 30 kwa tiketi kumi kumi, ni dola 45. Kwa shilingi 129 kila dola, hizo ni shilingi 5,805, na huenda hakuna hata mmoja aliyekujibu. Kijana asiyejua atumia zote wiki ya kwanza, kazi yoyote aombe, kisha aacha. Angekaa miezi mitatu ajifunze kitu kimoja sawasawa, angeomba kazi tano tu.

SABABU YA TATU: HATUHESABU KINACHOTOKA

Sisi ni hodari wa kuhesabu kinachoingia. Muulize muuza mahamri yeyote mtaani kwenu: atakwambia unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, makaa kiasi gani, na hamri moja yampa faida gani. Muulize kijana wa mtandaoni, hajui.

Tuseme umepata kazi ya dola 20 kupitia Fiverr. Fiverr huchukua asilimia 20, yaani dola nne. Umebaki na 16. Kwa shilingi 129 hizo ni 2,064, na bado hujakatwa ada ya kutoa. Toa bando, tuseme shilingi 200. Toa umeme. Kazi yenyewe imekula saa 12, pamoja na kurekebisha mara tatu kwa sababu mteja habanduki. Umepata kama shilingi 150 kwa saa. Na kama wewe ni mwenye kuuza video na mfano wake, jua pia Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo hayo.

Je, 150 kwa saa ni mbaya? Si lazima. Kuna wanaobeba mawe kwa chini ya hapo. Ubaya ni kutojua. Asiyejua hufanya kazi ya hasara miezi minne akidhani ni faida, kisha achoka bila kuelewa kimemchosha nini. Angeandika kwenye daftari la shilingi 20 angeona mapema: ama apandishe bei, ama abadilishe kazi, ama aache kwa akili timamu.

SABABU YA NNE: TUNAINGILIA MLANGO WA UANI

Hapa naomba mnivumilie, maana nitajisema mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa sina kazi. Rafiki akanambia kuna mtu auza akaunti ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo. Akaunti ina sifa nzuri, ina nyota, jina ni la mwingine, nchi ni ya mwingine. Bei shilingi 18,000. Sikuwa nazo. Nikamwendea mamangu. Mamangu huuza viazi karai na mahamri barazani, na pesa zile alikuwa akiziweka kidogo kidogo za kurekebisha paa. Nikamwambia ni ada ya kozi ya kompyuta. Hakuuliza mara mbili. Alifungua kile kikopo akanihesabia noti za mia mia na za hamsini, zingine zanuka mafuta.

Nikafanya kazi usiku kucha. Niliandika juu ya historia, biashara, hata mambo nisiyoyajua. Usiku mmoja nilimwandikia mwanafunzi wa uuguzi insha ya vipimo vya dawa kwa watoto wachanga. Mie! Sijui hata panadoli hutengenezwaje. Nilinakili hapa, nikageuza pale, nikatuma. Akapata alama nzuri. Nikafurahi.

Mwezi wa tatu, wenye tovuti wakataka kitambulisho na picha ya uso ya mwenye akaunti. Uso si wangu. Akaunti ikafungwa, na ndani mlikuwa na dola zaidi ya 400. Yule aliyeniuzia simu yake haikushika tena. Nani ningemshitaki, na ningemwambia hakimu nini?

Basi nami nikawa wa kwanza kusema barazani, "Intaneti ni uwongo." Wallahi nilisema mwaka mzima. Nilikuwa naendesha tuktuk ya mtu, abiria akitaja kazi za mtandaoni namcheka. Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Nani aliyekuwa mwongo pale? Jina lilikuwa uwongo, kazi ilikuwa uwongo, na pesa za mtaji nilizipata kwa uwongo. Nilijenga nyumba ya uwongo kutoka msingi hadi paa, ilipoanguka nikalaumu kiwanja.

Na wengi wetu tunaoacha tumeingilia mlango huo. Mwingine hakununua akaunti, lakini alilipa "ada ya usajili" apewe kazi. Mwanzoni mwa 2022 kulikuwa na programu ya simu iliyojipachika jina la Amazon, nayo haikuwa yao. Watu waliweka pesa, wakaambiwa wabonyeze bonyeze walipwe kila siku, kisha siku moja ikatoweka na pesa za Wakenya wengi. Ni upatu ule ule tulioujua miaka ya 2006 na 2007, umevaa nguo mpya tu. Mwingine naye huita kubeti "kutafuta mtandaoni". Huyo si mtafutaji, huyo acheza kamari, na hukumu yake twaijua. Kanuni ni nyepesi: kazi ni ile wanayokulipa wewe. Ukiambiwa ulipe kwanza ndipo uajiriwe, na wanaokuja nyuma yako nao walipe ndipo upate, toka mbio hata kama yule anayekuita ni binamu yako.

SABABU YA TANO: UPWEKE, NA SOKO LISILOTULIA

Anayefungua duka huonekana. Jirani apita, "Habari ya biashara?" Anayefanya kazi kwenye simu au laptopu nyumbani, watu wamwona acheza. "Wewe si umekaa tu? Hebu nenda kaniletee mafuta dukani." Usiku mteja wa Marekani ndio aamka, na asubuhi wewe ukilala waambiwa ni mvivu. Hakuna wa kukupa moyo, hakuna wa kukwambia hapa umekosea. Wengi hawaachi kwa sababu wameshindwa. Huacha kwa sababu wako peke yao na wamechoka kujieleza.

Juu ya hayo, soko lenyewe halitulii. Uingereza mwaka 2022 walipitisha sheria ya kuharamisha biashara ya kuandikia wanafunzi insha kwa pesa. Mwisho wa Novemba mwaka huo huo ikatoka ChatGPT, na insha iliyokuwa ikilipiwa ikawa yaandikwa na mashine kwa dakika. Machi 2024, tovuti ya Remotasks, iliyokuwa ikiwapa Wakenya kazi ndogo ndogo za kufundisha mashine, iliondoka Kenya. Waliokuwa wakiitegemea hawakuwa wavivu. Walilala na kazi, wakaamka hawana.

Kwa hivyo tusiwe wepesi wa kumlaumu kila aliyeacha. Mwingine aliachwa.

SASA TUFANYE NINI?

Nimalizie kwa yale niliyoyajaribu, si niliyoyasoma.

Kwanza, chagua kitu kimoja uwe nacho mkononi. Mie nilipomaliza kununa nilijiuliza, nina nini? Nikaona nina Kiswahili, na Kiingereza cha shule, na uvumilivu wa kusikiliza. Nikajifunza kuandika maneno ya chini ya video na kutafsiri. Miezi mitano sikupata kitu. Nilifanyia mazoezi mihadhara na video za bure. Wa sita nikapata kazi ya kwanza, dola 12. Kwa jina langu, uso wangu na kitambulisho changu. Wewe huenda una mapishi, au hesabu za duka, au ushonaji na picha zake. Kitafute kabla ya kununua bando.

Pili, usikate mguu ulionao kabla ya mwingine kuota. Mimi niliendelea na tuktuk mchana. Kijana anayeacha kibarua chake leo ili "ajitose mtandaoni" amejiwekea saa ya bomu. Njaa itamfukuza kabla ujuzi haujaiva.

Tatu, weka daftari na weka muda. Jiambie miezi sita, saa mbili kila siku, na kila kinachoingia na kutoka kiandikwe. Ikifika mwezi wa sita, fungua daftari, usifungue moyo. Likikwambia hapa hapana kitu, acha. Kuacha kwa ushahidi si aibu, ni elimu umeilipia. Aibu ni kuacha wiki ya pili, na aibu kubwa zaidi ni kung'ang'ania mwaka wa tatu kwa pesa za watu.

Nne, waambie wa nyumbani ukweli. Waonyeshe kazi ni ipi na saa zake ni zipi. Mama akijua kuwa saa mbili hadi saa nne usiku uko kazini, atamtuma mdogo wako dukani.

Tano, tafuta wenzako wawili au watatu. Mkutane hata mara moja kwa wiki baada ya Isha, kila mtu aseme ameomba kazi ngapi na amekataliwa ngapi. Kukataliwa ukiwa peke yako ni msiba. Mkikataliwa watatu mtacheka, kisha mtatazama barua zenu pamoja mwone kasoro iko wapi.

Mwaniuliza, je, wewe umetajirika? La. Kuna mwezi napata shilingi 25,000, kuna mwezi 6,000. Tuktuk sijaiacha kabisa. Lakini nalala usingizi.

Ramadhani moja niliweka kando shilingi 18,000 nikampelekea mamangu. Na nikamwambia yote: akaunti, insha, mwanafunzi wa uuguzi. Alinyamaza muda mrefu, mikono imo kwenye unga. Kisha akasema, "Hizo pesa nilikusamehe siku ile ile uliporudi umenywea. Lakini hiyo ya kumwandikia mtu anayesomea kutibu watoto, hiyo hukunikosea mimi. Kuna mtoto mahali, na mie siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Sijapata jibu la kumpa mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Ndugu yangu, riziki ya halali huja polepole, na ile polepole yake ndiyo twaikimbia. Safu zimepungua, tumebaki sisi wachache. Usingoje usiku wa ishirini na saba ndipo urudi. Kesho baada ya daku kaa na daftari lako, andika juu kabisa: nina nini mkononi? Ukikosa jibu, njoo tuulizane pamoja.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.